Mgeni Apokewe, Nyavu Zisiuzwe



Wapendwa katika Bwana, Majilio yanapokaribia ukomo wake bandari yetu hubadilika sura. Pantoni la Magogoni na Kigamboni hujaa mizigo kuliko siku nyingine, Mtaa wa Kongo pale Kariakoo haupitiki kwa wingi wa wazazi watafutao nguo za watoto, na simu huanza kulia kutoka Unguja, Mafia, Moshi na Songea: “Tunakuja kula Noeli kwenu.” Juma hili tumependa kutafakari hali ya mke na mume wanaoishi kwa mashua, kwa sababu lililo wazi kwao limo pia katika nyumba zetu nyingi.

Maisha ya nyumba kama hiyo tunayafahamu. Mume hulala baharini, na mke hudamkia Feri kununua samaki mnadani, akawakaanga na kuwauza. Hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Anayevua dagaa kwa taa hutegemea usiku wa giza. Mbalamwezi ikiangaza, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mapato hupungua. Noeli, kwa upande wake, huja tarehe 25 Desemba bila kuuliza mwezi u wapi. Basi hutokea mwaka ambao wageni wanane wanashuka bandarini katika juma lile lile ambalo mashua imerudi tupu.

Hapo ndipo jaribu linapoingia. Wapo wanaokimbilia mikopo ile ambayo watu wa mjini wameipa jina la “kausha damu”. Wapo wanaoweka rehani mashine ya mashua, na wapo wanaouza nyavu ili pilau isikose nyama. Sisi twasema bila kusita kwamba hilo si ukarimu. Nyavu ndizo shamba la mvuvi. Auzaye shamba ili kulisha wageni siku tatu, Januari atawaambia nini watoto wanaohitaji sare na madaftari?

Tunajua watakaotujibu kwamba mgeni ni baraka na baraka haihesabiwi. Watatukumbusha methali ya wazee: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twaikubali methali hiyo, ila tunaomba isomwe hadi mwisho. Imesema mwenyeji apone. Haikusema mwenyeji aangamie. Ugeni unaomwacha mwenyeji na deni na machozi umeikana methali yenyewe.

Tena Injili ya Luka yatupatia kipimo. Bikira Maria alipomtembelea Elizabeti, alikwenda kwa mama mwenye umri mkubwa aliyekuwa mjamzito, akakaa naye kama miezi mitatu. Hatusomi habari ya karamu, bali twasoma habari ya furaha ya wanawake wawili waliokutana. Na Mwana wa Mungu mwenyewe alipokuja kwetu kama mgeni, alilazwa horini. Hakuna nyumba ya chumba kimoja na mkeka ambayo ni duni mno kumpokea.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. La kwanza, mke na mume wakae chini pamoja kabla ya kujibu simu. Wageni ni wangapi, watakaa siku ngapi, watalala wapi, na fedha iliyopo ni kiasi gani? Mara nyingi mume hutangaza wageni, kisha mke ndiye anayetafuta sufuria. Huko ni kumtwisha mtu mmoja mzigo wa wawili. Mwanamume anayeweza kuvuta nyavu usiku kucha hashindwi kuchota maji na kukuna nazi. Na kama mwaka jana walikuja wakwe wa upande mmoja, haki yadai mwaka huu upande wa pili nao ukumbukwe.

La pili, mgeni naye ana wajibu. Aseme mapema siku ya kufika na siku ya kuondoka, aje na kilo kadhaa za mchele au mkungu wa ndizi, na asione haya kuosha vyombo. Wazee walisema kwamba siku ya tatu mgeni apewe jembe. Aliye mwungwana hulichukua siku ya kwanza.

La tatu, ndugu wafike wakiwa hai. Taifa letu limelia vya kutosha. MV Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. MV Skagit iliondoka hapa bandarini kwetu tarehe 18 Julai 2012, ikazama karibu na Chumbe. MV Nyerere ilipinduka Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 200 walikufa katika kivuko kilichotengenezwa kubeba abiria 101. Mwambieni mgeni wenu: chombo kikijaa, kiache, hata ukifika baada ya Misa ya mkesha. Nanyi wenye mashua, msiujaze ukoo mzima na watoto kwenda kutembea Kisiwa cha Sinda bila majaketi okozi kwa kuwa tu ni sikukuu.

Wapendwa, imani yetu ilifika pwani hii kwa njia ya bahari, wamisionari walipovuka kutoka Unguja hadi Bagamoyo mwaka 1868. Walikuwa wageni, wakapokelewa. Ukarimu basi ni urithi wetu, na urithi hutunzwa kwa busara. Jumuiya Ndogo Ndogo ziwatazame majirani waliolemewa na wageni: godoro la kuazima, sufuria kubwa, au kitanda kwa mtoto mmoja ni zawadi njema ya Noeli.

Maria, Nyota ya Bahari, awaombee wote walio safarini na wote wanaowasubiri nyumbani. Tuwatakie Noeli yenye amani.