Hedhi ikichelewa, kukisia hakusaidii

Miongoni mwa maswali ambayo daktari wa mjini huulizwa karibu kila siku, ni machache yanayoulizwa kwa sauti ya chini kama hili: "Daktari, nilisahau kumeza tembe siku mbili tatu, na sasa siku zangu zimepita. Je, nina mimba?" Muulizaji huenda akawa mama wa watoto watatu, karani wa ofisi au mwanafunzi wa chuo. Mara nyingi huwa amekaa na swali hilo kwa majuma kadhaa, akihesabu tarehe kwenye kalenda na kuchunguza kila kichefuchefu.

Maoni yangu ni kwamba tumewafunza wanawake kupanga uzazi, lakini hatujawafunza la kufanya mpango unapoharibika. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 57 ya wanawake walioolewa nchini Kenya walikuwa wakitumia njia za kisasa za kupanga uzazi. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, binadamu husahau. Kati ya wanawake 100 wanaomeza tembe kwa mwaka mzima bila kukosea, hata mmoja ni nadra kupata mimba. Lakini katika maisha ya kawaida, ya kusahau na kuchelewa, wapatao 7 hushika mimba. Kwa wanaotumia mipira ya kondomu idadi hiyo hufika 13.

Yafaa ieleweke kwamba makosa hayalingani. Aliyesahau tembe moja aimeze mara anapokumbuka, hata kama atameza mbili siku hiyo, kisha aendelee kama kawaida. Hatari yake ni ndogo. Aliyekosa mbili au zaidi mfululizo ameze moja mara moja, aendelee na pakiti, na atumie kondomu kwa siku 7. Kosa baya zaidi ni kuchelewa kuanza pakiti mpya, kwa sababu wakati huo mwili umekwisha kukaa siku kadhaa bila dawa na yai linaweza kupevuka. Zile tembe 7 za mwisho katika pakiti ya 28 hazina dawa ya kuzuia mimba. Kuzisahau si hatari, mradi pakiti inayofuata ianzwe kwa wakati.

Dawa nyingine pia huweza kupunguza nguvu ya tembe. Kati ya hizo ni rifampisini ya kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa na za kupunguza makali ya Ukimwi. Anayetibiwa maradhi hayo amweleze daktari njia anayotumia.

Tatizo kubwa ni kwamba wengi huifanya damu kuwa shahidi wa pekee. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Damu anayoiona mwanamke anayetumia tembe huja kwa sababu ameacha dawa kwa siku chache. Si hedhi ya kawaida. Isitoshe, mwanamke mjamzito aweza kutokwa na damu kidogo katika majuma ya kwanza. Kwa upande mwingine, anayedungwa sindano ya miezi 3 huenda akakaa muda mrefu bila kuona damu na asiwe na mimba. Wasiwasi, kukonda ghafla, kunyonyesha, maradhi ya tezi au umri wa kukaribia kukoma hedhi pia huweza kuvuruga siku.

Kwa hiyo, siku ya kuhesabia ni ile ya mwisho uliyokutana na mwanamume bila kinga. Majuma 3 baada ya siku hiyo, kipimo cha mkojo kinachouzwa katika maduka ya dawa hutoa jibu la kutegemewa. Tumia mkojo wa asubuhi, soma maagizo, na uhakikishe kipimo hakijapitwa na wakati. Ukipima mapema na kuambiwa huna, rudia baada ya juma moja.

Kuhusu zile tembe za dharura ambazo wengi huziita P2, ukweli ni huu: huchelewesha yai kupevuka, na kadiri zinavyomezwa mapema ndivyo zinavyosaidia, hasa kabla ya saa 72. Haziondoi mimba iliyokwisha kutunga, wala hazikingi tendo la kesho. Zinaweza pia kuwahisha au kuchelewesha hedhi, na hapo ndipo hofu huzaa hofu. Hedhi ikichelewa zaidi ya juma moja baada ya kuzimeza, pima. Anayejikuta akizinunua kila mwezi anahitaji njia ya kudumu zaidi, kama vile kijiti au koili.

Ikithibitika una mimba, acha tembe na uende kliniki kabla ya majuma 12. Ondoa hofu kwamba mtoto ataharibika kwa sababu ulizimeza bila kujua. Tembe hizo hazijulikani kumdhuru. Kinachodhuru ni michanganyiko ya "kuteremsha hedhi" inayouzwa vichochoroni. Na iwapo siku zimepita nawe una maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au maumivu ya bega, kimbia hospitalini saa hiyo hiyo. Huenda mimba imetunga nje ya mji wa uzazi, na mrija ukipasuka mtu hufa kwa kuvuja damu ndani.

Wauzaji wa dawa wana wajibu hapa. Kumpa msichana tembe za dharura katika mfuko wa karatasi bila neno hata moja ni kazi nusu. Dakika 2 za kumweleza lini apime na lini amwone daktari zinaweza kuokoa maisha. Wanaume nao wakome kutuma pesa za dawa na kutoweka. Mimba ni ya wawili, na hata kipimo kinafaa kusubiriwa na wawili.

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Dada, hakuna daktari mwenye busara atakayekucheka kwa sababu ulisahau tembe. Leta tarehe zako na uulize. Jibu, liwe lipi, hukupa nafasi ya kuamua mapema. Kukisia hukupokonya nafasi hiyo siku baada ya siku.