Dereva wa Teksi ya Mtandaoni Si Mshirika

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimetwishwa katika miaka ya karibuni, lipo moja ambalo sisi wanafunzi wa lugha tumelipokea bila ya kulihoji. Ni neno "mshirika", linapotumiwa kumtaja dereva wa teksi ya mtandaoni. Uber ilianza kazi Nairobi mwaka 2015. Mwaka uliofuata zikaja Little na Taxify, ambayo leo ni Bolt. Tangu hapo dereva huambiwa kuwa yeye si mwajiriwa bali ni mshirika. Kwa maoni yangu, neno hili limewekwa pasipo pake.

Tutazame kwanza namna biashara yenyewe inavyoendeshwa. Kampuni haimiliki gari wala haimlipi dereva mshahara. Ina programu ya simu inayomkutanisha mwenye haja ya kusafiri na mwenye gari, na kila safari ikamilikapo hukata fungu lake la nauli. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha fungu hilo kuwa asilimia 18. Kwamba hilo ndilo roho ya biashara tuliliona Tanzania: mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ilipoweka kikomo cha asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma zake Aprili 2022, ikarejea Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi 25.

Basi abiria wa Kenya akilipa shilingi 500, kampuni huweza kuchukua 90. Dereva hubakiwa na 410, na humo hutoka mafuta, bima, matengenezo, na aghalabu kodi ya gari lenyewe kwa kuwa si lake. Siku gari likiharibika, hasara ni yake peke yake. Ushirika gani huo? Washirika hugawana faida na hasara. Anayewakutanisha watu wawili akapata ujira wake katikati, jina lake tunalo tangu zamani: ni dalali.

Hata dalali, hata hivyo, ana mipaka. Dalali wa mnadani hunadi, bei ikapanda mbele ya macho ya wote. Programu hupanga nauli peke yake, huipandisha mvua inyeshapo, huishusha ili kuvutia abiria (dereva hakuulizwa), na humfungia nje dereva ambaye alama anazopewa na abiria zimeshuka. Mwenye uwezo wa namna hiyo, watu wa matatu humwita tajiri. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilielekea huko huko Februari 2021, ilipoamua kuwa madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo.

Huenda msomaji akaona haya ni mambo ya Nairobi na Mombasa. Mimi ninayatazama kutoka Salaita, kwenye barabara iendayo Taveta kutoka Voi, ambako soko la aina hii ni vigumu kusimama: programu huhitaji abiria wengi na madereva wengi mahali pamoja, la sivyo abiria husubiri hata akachoka, na dereva naye akaondoka. Huku mtu humpigia simu mwendesha bodaboda anayemjua, wakapatana nauli, wakamaliza. Lakini Salaita ina habari yake kuhusu majina. Kwenye kilima hiki jeshi la Waingereza lilirudishwa nyuma na Wajerumani tarehe 12 Februari 1916. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo waliandikishwa katika kikosi ambacho jina lake la Kiingereza, likiisha kutengenezwa na ndimi zetu, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi. Aliyebeba mzigo hakuulizwa aitweje.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na chama chetu hakikosi watafsiri. Napendekeza tuanze na kanuni zile za 2022, kisha mkataba ambao dereva huukubali kwa kubonyeza kidole kabla ya kumpokea abiria wa kwanza. Na tufikapo kwenye neno lile, tusiandike "mshirika".