Gereji ya Nyumbani: Mtaji Uanzie Kwenye Umeme

Mashine ndogo za kuchomelea zinauzwa kwa wingi madukani, na wenye mitaji midogo wengi wanafikiria kugeuza banda la gari nyumbani kuwa gereji. Wazo hilo ni zuri. Hata hivyo, wengi huanza na mashine kubwa kuliko zote wanayoimudu, na fedha inayobaki ndiyo hugawanywa kwa mahitaji mengine. Mpangilio huo ni kinyume cha hesabu za biashara.

Jambo la kwanza ni umeme. Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja, wa volti 230. Mashine inayovuta ampea 30 huhitaji karibu kilowati 7, wakati soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13, yaani kilowati 3 tu. Mwekezaji asiyetenga fedha za waya mnene, swichi ya peke yake na waya wa ardhi anaweza kukatiwa umeme kila anapoanza kazi, au kuunguza nyumba.

Pili, mnunuzi asome kibati cha mashine. Namba 200 iliyoandikwa ubavuni ni kilele tu. Uwezo wa kufanya kazi mfululizo huonyeshwa kwa asilimia: mashine ya asilimia 20 kwa kipimo cha dakika 10 huchomelea dakika 2 na kupumzika dakika 8. Mwenye kazi nyingi za mageti na chasisi atapoteza wateja kwa kungoja mashine ipoe. Aidha, bati la bodi ya gari, ambalo kwa kawaida halifiki unene wa milimita 1, hutoboka kirahisi kwa kijiti. Kazi hiyo inafaa mashine ya MIG, inayotumia waya. Kwa hiyo soko lijulikane kabla ya mashine kuchaguliwa.

Tatu ni zana na kinga. Jiliwa, grinda, spana, jeki na stendi zake huingiza fedha hata siku isiyo na kazi ya kuchomelea. Fundi asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala asichomelee tangi la petroli kwa kudhani ni tupu, kwani mvuke uliobaki hulipuka. Betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea ili kompyuta ya gari isiungue. Ngao ya kioo cheusi namba 10 au 11 na hewa ya kutosha ni lazima; mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani.

Ushauri kwa mwenye mtaji mdogo ni kutengeneza umeme kwanza, kununua zana na kinga, kisha mashine ya wastani inayolingana na kazi zilizopo. Kazi zikiongezeka, mashine hubadilishwa. Mtaji ulioteketea pamoja na banda haurudi.