Ahadi ni Deni, na Mdaiwa ni Mlipakodi

Kila walimu wa shule za umma wanapoweka chaki chini, mambo mawili huonekana katika nchi hii ya majani chai. La kwanza, watoto huingia mashambani na vikapu mgongoni asubuhi ya siku ya shule. La pili, wazazi wao, wakiwa kwenye kituo cha kuuzia majani wakingojea lori la kiwanda, hugawanyika. Wako wasemao kwamba walimu wamezidi tamaa. Mbona mchumaji hapandishiwi ujira kila mara? Wako wasemao kwamba serikali ni mdanganyifu wa siku zote, na walimu wakaze uzi. Mabishano huendelea hadi lori lifike, kisha kila mtu hupimiwa majani yake akaenda zake.

Kwa maoni yetu, pande zote mbili huliacha kando swali lililo kubwa kuliko yote. Ni nani aliyeahidi fedha hizo, aliahidi kwa idhini ya nani, na alipoahidi alijua zitatoka mfuko upi?

Wasomaji wetu wanaofanya kazi katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet wanaijua meza ya majadiliano. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, huketi upande mmoja, na chama cha wenye mashamba ya chai upande wa pili. Wakielewana, mkataba husajiliwa mahakamani na kuwa sheria kati yao. Wasipoelewana, mahakama huamua. Mara nyingi majadiliano hayo huwa machungu, na hatusemi kwamba mchumaji hupata haki yake kila mara. Lakini jambo moja ni wazi: mwajiri anayetia sahihi ndiye atakayelipa, na atalipa kutokana na chai aliyoiuza kwenye mnada wa Mombasa. Akikubali kupita uwezo wake, hasara ni yake. Kwa hiyo hutia sahihi akiwa ameshika hesabu zake mkononi.

Katika elimu ya umma mambo ni tofauti. Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ndiye mwajiri, lakini haina hata shilingi moja iliyo yake. Tume ya Mishahara na Marupurupu hutoa ushauri. Hazina Kuu hutoa fedha, au husema hakuna. Na fedha zenyewe zimetoka kwa mama aliyenunua kilo ya sukari dukani Litein na kulipa kodi ya asilimia 16 bila hata kuitaja, kwa mkulima aliyepanda matatu ambayo mafuta yake yametozwa ushuru, na kwa mwalimu mwenyewe, ambaye hukatwa kodi kabla hajauona mshahara. Huyu ndiye mlipaji. Naye ndiye pekee ambaye hakuwekewa kiti.

Tuanze na mwaka 1997, kwa maana huko ndiko mzizi ulikotoweka ardhini. Uchaguzi Mkuu ulikuwa ukaribie. Ulifanyika tarehe 29 Desemba. Nchi nzima ilikuwa imechafuka kwa madai ya mageuzi ya katiba. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limeisimamishia Kenya mkopo katikati ya mwaka huo, na makovu ya Goldenberg yalikuwa mabichi. Mwezi wa Oktoba chama cha walimu, KNUT, kikiongozwa na katibu mkuu wake Ambrose Adongo, kiliita mgomo. Hata hapa kwetu, katika wilaya zilizohesabiwa kuwa ngome ya KANU, walimu walitoka madarasani. Serikali iliyokuwa ikisema haina kitu ghafla ikapata ukarimu: mishahara ingepanda kwa asilimia 150 hadi 200, kwa awamu, katika muda wa miaka mitano. Ahadi ikachapishwa rasmi kuwa Tangazo la Kisheria Namba 534 la mwaka 1997. Walimu wakarudi kazini, watu wakapiga kura, Rais Moi akashinda.

Hatuwalaumu walimu kwa kudai. Mshahara wao wa siku zile ulikuwa aibu kwa taifa, na waumini wanajua Maandiko yanavyosema kuhusu mfanyakazi na ujira wake. Lawama yetu ni kwa mtia sahihi. Ni nani aliyeketi akapiga hesabu ya miaka mitano ile? Ni wabunge gani waliojadili fedha hizo zingetoka wapi, kwa kodi ipi mpya, au kwa kupunguza matumizi gani? Kanisani tumefundishwa habari za mtu anayetaka kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Mnara wa 1997 ulijengwa kwa kura.

Awamu ya kwanza ililipwa. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, serikali ikasema hazina ni tupu. Oktoba 1998 walimu wakagoma tena, na safari hii wakarudi darasani mikono mitupu. Mwaka 2002, uchaguzi mwingine ukikaribia, wakagoma tena. Serikali ya Narc ilipoingia ilikubali mwaka 2003 kulipa mabaki ya nyongeza kidogo kidogo kwa miaka mingi. Na bado haikuisha. Katikati ya mwaka 2013 walimu waligoma kwa siku 24, na madai yao makuu yalikuwa marupurupu yaliyotajwa katika Tangazo lile lile Namba 534. Mtoto aliyezaliwa siku ya ahadi alikuwa sasa na umri wa kuwa kidato cha pili, naye akarudishwa nyumbani kwa sababu yake. Katika mabishano ya mwaka huo sauti ya KNUT ilikuwa ya mwana wa Bomet, Wilson Sossion, aliyekuwa katibu mkuu tangu mwaka huo hadi 2021. Wapo waliompenda na wapo waliomchoka, lakini katika jambo la deni hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amelibuni.

Ndipo ukaja mwaka 2015. Tarehe 30 Juni Jaji Nduma Nderi wa mahakama ya ajira aliamua kwamba walimu wapewe nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haiwezi kulipa na haitalipa. Mgomo wa Septemba ulidumu takriban wiki tano. Watahiniwa wa darasa la nane na kidato cha nne walibaki na vitabu vyao, wakijifundisha wenyewe. Wenye uwezo wakakodi mwalimu wa faragha, na wasio na uwezo wakaenda kuchuma chai. Walimu wenyewe walinyimwa mshahara wa Septemba. Mwezi Novemba Mahakama ya Rufaa ikaitangua hukumu ile, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba ushauri wa Tume ya Mishahara haukuzingatiwa.

Tusimame hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo watu wetu wengi hukosea. Serikali iliposema mwaka 2015 kwamba inamtetea mlipakodi, wako waliopiga makofi. Lakini je, mlipakodi alikuwa ameulizwa? Alionyeshwa daftari? Aliambiwa kwamba badala ya fedha za walimu, fedha zitatumika kwa jambo gani? La hasha. Jina lake liliazimwa kama mtu anavyoazima jembe la jirani usiku, likarudishwa butu. Tunalisema hili waziwazi kwa wanaharakati wenzetu: mlipakodi anayetajwa tu siku ya kumnyima mwalimu ni kinyago. Mlipakodi wa kweli ni mzazi, anataka mtoto wake afundishwe na mtu aliyekula.

Mfano wa karibu zaidi unauma zaidi. Mkataba wa 2021 hadi 2025 ulitiwa sahihi bila nyongeza ya mshahara hata kidogo, kisha ukarekebishwa mwaka 2023, nyongeza ikagawanywa awamu mbili. Awamu ya pili ilikuwa ilipwe kuanzia Julai 2024. Mwezi Juni mwaka huo vijana wa Kenya waliukataa Mswada wa Fedha, damu ikamwagika, na mswada ukaondolewa. Hazina ikapunguza matumizi, na fedha za awamu ya pili zikawa miongoni mwa zilizotiwa shakani. Mwishoni mwa Agosti walimu wakatangaza mgomo. KNUT ilisimamisha wake serikali ilipotoa shilingi bilioni 13.3, walimu wa sekondari walio katika KUPPET waligoma kwa muda mfupi. Tazama basi jinsi mambo yalivyo. Mwananchi alisema hapana kwa kodi, na alikuwa na haki ya kusema. Ila hakuna aliyemwonyesha kabla ya hapo kwamba ndani ya bajeti ile mlikuwa na mkataba uliokwisha kutiwa sahihi kwa jina lake. Ikawa hapana yake imemwangukia mwalimu, ilhali yeye alikuwa ameilenga mikono inayoiba.

Mwaka huo huo walimu vibarua wa sekondari ya msingi, wapatao 46,000, waligoma pia. Walikuwa wakipokea takriban shilingi 17,000 kwa mwezi baada ya makato, wakifanya kazi ile ile ya mwalimu wa kudumu. Wengine wanafundisha watoto wetu huku, wakipanga chumba katika vituo vya biashara na kukopa unga dukani. Hawa hata mezani hawakuwa na kiti. Na mwezi Julai 2025 mkataba mpya wa 2025 hadi 2029, wa shilingi bilioni 33.8, ulitiwa sahihi wiki chache baada ya bajeti ya mwaka kusomwa. Twauliza kwa upole: bajeti husomwa kwanza na mkataba hufuata, au mkataba kwanza kisha bajeti? Mkulima anayejua atauza kilo ngapi ndipo akope mbolea angeshangaa.

Twataka nini? Hatutaki mlipakodi awe hakimu wa tatu mwenye kura ya kuvunja mkataba. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa mfanyakazi haki ya kujadiliana na haki ya kugoma, na sisi tuliodai katiba hiyo kwa miaka mingi hatutakuwa wa kwanza kuichana. Tena tunaogopa, na tuna sababu, kwamba "sauti ya umma" ikipewa kiti chenye nguvu hizo, atakayekikalia atakuwa mtu wa waziri. Tunachotaka ni kuona. Kifungu cha 201 kinasema mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na uwajibikaji, pamoja na kushirikishwa kwa wananchi. Basi kabla mkataba wa walimu haujatiwa sahihi, gharama yake ya kila mwaka ichapishwe, pamoja na mahali fedha zitakapotoka, iwekwe mbele ya Bunge, na isomwe kwa lugha ambayo mzee wa kijiji anaielewa. Ukishatiwa sahihi, ulipwe kwa tarehe iliyoandikwa, kama riba ya deni la ng'ambo inavyolipwa bila mgomo wowote. Wadai wa ng'ambo hawajawahi kuandamana Kericho, na bado hulipwa.

Wako watakaosema mkulima wa majani chai hana elimu ya kusoma hesabu za mabilioni. Waje kwenye mkutano wa kiwanda siku ya kutangazwa bonasi. Mwaka 2025, bonasi iliposhuka katika viwanda vya huku, wakulima waliuliza habari za bei ya mnada, mikopo ya kiwanda na gharama za usimamizi, mpaka wakurugenzi wakatokwa na jasho. Watu hao hao wakionyeshwa daftari la elimu watalisoma.

Makanisa yana nafasi ya pekee hapa. Shule nyingi za Kericho na Bomet zina mdhamini ambaye ni kanisa, na mdhamini ana watu wake katika bodi ya usimamizi. Kwa muda mrefu nafasi hiyo imetumika kuzozania uteuzi wa mwalimu mkuu. Itumike sasa kuwakusanya wazazi na walimu chini ya paa moja kabla ya mgomo, wakati watu bado wanaweza kusikilizana. Mwalimu aeleze hati yake ya malipo, na mzazi aeleze malipo yake ya mwezi ya majani. Wote wawili watagundua kwamba wanakatwa na mkono mmoja.

Nyakati zenyewe zinajulikana. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kufikia tarehe 15 Februari kila mwaka. Makadirio ya matumizi hupelekwa kufikia tarehe 30 Aprili, kisha kamati ya Bunge inapaswa kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya bajeti kupitishwa. Mkataba wa sasa wa walimu unadumu hadi 2029, na kati yake pamekaa Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027, nasi tumekwisha kusimulia jinsi ahadi zinavyonenepa karibu na kura. Kila bodi ya shule, kila kikundi cha haki na amani parokiani, kila chama cha wazazi kiandike barua kwa Karani wa Bunge la Taifa, Nairobi, kiulize kiasi kilichotengwa mwaka huu kwa mkataba wa walimu, kilichobaki bila kutengwa, na ni lini kitalipwa. Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge kwa mujibu wa Kifungu cha 120, kwa hiyo hakuna haja ya kumtafuta mtu wa kutafsiri.