Mgema na Tembo Lake: Ubora wa Shahada ya Kwanza katika Vyuo Mashuhuri

Aghalabu anayetafuta shahada ya kwanza huvutwa na jina la chuo kabla ya kuuliza jinsi wanafunzi wanavyofunzwa humo. Jina hilo hutukuzwa na orodha za kimataifa. Orodha ya Shanghai, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2003 na ambayo Harvard imezoea kuiongoza, huhesabu tuzo za Nobel na makala yaliyochapishwa katika majarida ya Nature na Science. Hata kigezo kinachodaiwa kupima elimu, chenye uzito wa asilimia 10 pekee, huhesabu wahitimu waliotunukiwa Nobel au nishani ya Fields. Hakuna kinachouliza ni nani asomaye insha ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Ilhali hapo ndipo penye kiini cha elimu. Katika Oxford, mwanafunzi hukutana na mkufunzi wake, akiwa peke yake au na wenzake wachache, akaitetea kazi aliyoiandika. Cambridge ina utaratibu kama huo kwa jina tofauti. Katika Harvard, kozi kubwa huwa na mihadhara ya profesa, kisha wanafunzi hugawika katika vikundi ambavyo mara nyingi huongozwa na wanafunzi wa uzamifu. Chuo cha Williams, Massachusetts, chenye wanafunzi wachache mno wa uzamili, huwakutanisha wanafunzi wawili na mhadhiri: mmoja akiandika, mwenzake huhakiki. Chuo hicho hakimo katika orodha ya Shanghai.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuibeza Harvard. Mwanafunzi wake huonja taaluma kadhaa kabla ya kuchagua moja katika mwaka wa pili, ilhali yule wa Oxford husajiliwa katika somo lake tangu mwanzo. Upana nao ni elimu. Lakini upana usio na jicho la mwalimu hugeuka kuwa mkusanyiko wa alama tu.

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Chuo kinachosifiwa kwa utafiti kina kishawishi cha kuwaachia wengine ufundishaji. Basi anayelinganisha vyuo, na aionje tembo yenyewe: aulize mwanafunzi huandika mara ngapi, na nani humrudishia kazi yake ikiwa imesahihishwa.