Chemchemi za Isiolo: Wageni waoga, Sericho yangoja maji

WAGENI wanaozuru Hifadhi ya Buffalo Springs, katika Kaunti ya Isiolo, hawakosi kupelekwa kwenye bwawa moja lililozungushiwa ukuta wa mawe. Maji yake ni maangavu kiasi kwamba chini huonekana wazi. Wengine huchovya miguu tu, wengine hujitosa, kisha safari ya kuwatafuta twiga na punda milia wa Grevy huendelea. Husimuliwa kwamba bwawa hilo lilichimbwa na bomu la ndege ya Italia wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na hakuna mwongoza watalii anayekubali kuiacha hadithi hiyo.

Kinachosimuliwa kwa nadra ni mahali maji hayo yanakokwenda. Hayaishii bwawani. Hutiririka hadi katika mto Ewaso Nyiro, ambao wenyeji huuita Waso, nao hushika njia ya mashariki, ukapita Merti na kuzifikia nyanda za Sericho, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, kabla ya kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Bwawa linalompa mgeni burudani ya nusu saa ni sehemu ya maji ambayo mfugaji wa Sericho huyasubiri kwa miezi.

Kenya imekuwa ikitafuta vivutio vya utalii nje ya fuo za Mombasa na mbuga ya Maasai Mara, na chemchemi ni miongoni mwa hazina zinazotajwa mara kwa mara. Zile zinazovuma ni za maji moto katika Bonde la Ufa. Katika ziwa Bogoria, Kaunti ya Baringo, maji huchemka na kuruka juu kando ya ziwa, na wageni wamezoea kuchemshia mayai humo. Huko Kapedo, mpakani mwa Baringo na Turkana, maji moto huanguka kutoka jabalini kama maporomoko. Kwa bahati mbaya Kapedo imejulikana zaidi kwa wizi wa mifugo na kwa mashambulizi kama lile la mwaka 2014 lililoangamiza maafisa wengi wa polisi, na ni watalii wachache wanaothubutu kufika huko.

Chemchemi za Isiolo hazichemki kama za Bogoria, lakini nazo ni zao la volkano. Milima ya Nyambene, iliyoko Meru kusini mwa hifadhi, iliumbwa na volkano zilizomwaga mawe yake hadi chini katika nyanda kavu. Mvua inayonyesha milimani hupenya katika mawe hayo yenye nyufa na matundu, ikasafiri chini ya ardhi, kisha ikafumka mahali mawe hayo yanapokomea. Ndiyo sababu katika nchi ambayo mvua ni haba hivyo, Buffalo Springs na jirani yake Shaba zina chemchemi zisizokauka kwa urahisi. Mgeni anayesimama bwawani wakati wa jua kali la Februari anatazama mvua iliyonyesha mahali pengine kabisa, juu ya mashamba ya miraa na majani chai.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Mvua ni ya Meru, kivutio ni cha Isiolo magharibi, na uhitaji mkubwa kabisa uko Sericho, ambayo ni wadi ya Isiolo Kusini, upande wa mashariki kabisa wa kaunti. Kila sehemu ina wakuu wake, na mpaka wa Isiolo na Meru wenyewe umekuwa chanzo cha mvutano kwa miaka mingi.

Umuhimu wa chemchemi hizi kwa mto haufahamiki vyema nje ya duara la wataalamu wa maji. Ewaso Nyiro huanzia Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Katika miteremko ya Timau na Nanyuki, mito inayouunda hunyweshea mashamba ya maua na mboga zinazopelekwa Ulaya, pamoja na maelfu ya mashamba madogo ya wakulima waliohamia huko baada ya Uhuru. Matokeo yake ni kwamba kiasi cha maji kinachopita Archers Post wakati wa kiangazi kimepungua sana tangu miaka ya 1960. Katika miaka ya ukame mkali mto umewahi kukauka kwa makumi ya kilomita kabla ya kuifikia hifadhi. Maji yaliyoonekana kutoka hapo kwenda chini yalikuwa ya chemchemi. Kwa maneno mengine, katika kiangazi kibaya, Buffalo Springs na Shaba huwa ndizo mwanzo mpya wa mto.

Mmarekani William Astor Chanler, ambaye jina lake limebaki katika maporomoko yaliyoko Shaba, aliufuata mto huu katika safari yake ya miaka ya 1892 hadi 1894 akitumaini kufika katika ziwa kubwa la Lorian. Alikuta kinamasi. Tangu wakati huo kinamasi chenyewe kimezidi kupungua. Wazee wa Waborana wa Waso hukitaja Lorian kama akiba: mahali pa kupeleka ng'ombe wakati kila kisima kingine kimeshindwa. Akiba hiyo inapokosa kujazwa na mafuriko, mifugo ya Sericho, Iresaboru na Modogashe, pamoja na ile inayotoka Wajir na Garissa, hukutana katika visima vichache, na mara nyingi silaha hufuata.

Ukame uliodumu tangu mwishoni mwa 2020 hadi mapema mwaka 2023, misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo, ulionyesha jambo hilo bila kificho. Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa mnamo Septemba 2021. Zaidi ya mifugo milioni 2 iliangamia katika kaunti kame za Kenya. Kisha, mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zikaleta mafuriko katika nyanda zilezile. Familia iliyopoteza ng'ombe kwa kiu haikufaidika chochote na maji yaliyokuja yote kwa wiki moja.

Ni kweli kwamba Sericho haitegemei mto pekee. Chini ya ardhi, kuanzia eneo la Merti kupita Habaswein hadi Dadaab na Liboi, kuna hodhi kubwa la maji, na ndilo limekuwa likiwanywesha wakimbizi wa kambi za Dadaab tangu 1991. Lakini wataalamu wanaamini kwamba sehemu ya maji ya hodhi hilo hutokana na mto huohuo, unapofurika na kuzama mchangani. Isitoshe, kadiri kisima kinavyochimbwa mbali na mkondo, ndivyo uwezekano wa kupata maji ya chumvi unavyoongezeka. Kuchimba visima zaidi, ambako ndiko ahadi ya kila msimu wa kampeni, hakuwezi kuchukua nafasi ya mto unaotiririka.

Sasa tuje kwenye fedha. Hifadhi za Buffalo Springs na Shaba si mali ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori; ni za kaunti. Viingilio vilikuwa vikikusanywa na Baraza la Kaunti ya Isiolo, na tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 hukusanywa na serikali ya kaunti. Sifa za hifadhi hizo si haba. Joy Adamson, aliyejulikana ulimwenguni kwa kumlea simba Elsa, aliuawa Shaba mnamo Januari 1980. Mwaka 2001 kipindi cha televisheni cha Marekani, Survivor, kilirekodiwa humo. Barabara ya lami ya kwenda Moyale imepunguza safari iliyokuwa ya kuvunja mgongo, na uwanja wa ndege wa Isiolo ulianza kupokea abiria mwaka 2017. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema Waswahili. Tatizo ni kumtambua mwenyeji huyo.

Kwa kawaida, mwenyeji anayehesabiwa ni yule anayeishi langoni: kijana anayeajiriwa kuwa askari wa wanyamapori, mama anayeuza shanga, shule inayojengewa darasa. Hao wanastahili. Hata hivyo, kipimo cha lango kinamwacha nje mtu wa Sericho, ambaye hana duka la shanga wala hoteli, lakini ndiye wa kwanza kuathirika pakitokea badiliko lolote kwenye chemchemi. Hoteli ikivuta maji mengi zaidi kwa bwawa la kuogelea na bustani, hakuna mtalii atakayeona tofauti. Tofauti itaonekana mbali, katika mchanga wa mto.

Katiba ya 2010 haikunyamaza kuhusu suala hili. Kifungu cha 69 kinaitaka Serikali ihakikishe kwamba faida zitokanazo na maliasili zinagawanywa kwa usawa. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 nayo inatambua vyama vya watumiaji wa maji katika ngazi ya vijito na kamati za mabonde ya mito. Kasoro ni kwamba sheria hizo mbili hazikutanishwi. Anayetoza kiingilio hatakiwi kutenga chochote kwa ajili ya chanzo cha maji, na anayetoa kibali cha kuvuta maji hatakiwi kujua ni wageni wangapi wanayategemea. Msitu wa Nyambene ukipungua, Isiolo haina mamlaka huko, wala haijawahi kutumia mapato ya hifadhi kama hoja ya kuwashawishi majirani wa Meru wautunze.

Wanaotafuta mfano hawana haja ya kwenda mbali. Bogoria ni somo, zuri na baya. Jamii ya Waendorois iliondolewa kando ya ziwa hilo kuanzia 1973 ili kupisha hifadhi, na chemchemi zake za moto, ambazo kwao zilikuwa mahali pa ibada na tiba, zikawa za kutazamwa kwa malipo. Walikwenda hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 uliwapa ushindi: Tume ilipendekeza watambuliwe kuwa wenye ardhi, walipwe fidia na wapewe sehemu ya mapato ya shughuli za kiuchumi zilizopo. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua hadi wanaharakati wamechoka kuuliza. Lakini kanuni iliwekwa, kwamba mapato ya chemchemi yana wenyewe, na kwamba kumiliki lango si kumiliki maji.

Bogoria inaonya pia kwamba maumbile hayasomi mipango ya utalii. Maziwa ya Bonde la Ufa yalipoanza kufura katika mwongo wa 2010, ziwa Bogoria lilipanda na kufunika barabara na baadhi ya chemchemi ambazo wageni walikuwa wakizifuata. Kaunti iliyotegemea kivutio kimoja ilijikuta ikitafuta njia nyingine ya kulifikia lango lake.

Hali ya Sericho ni tofauti na ya Waendorois kwa jambo moja muhimu. Hakuna aliyewafukuza Waborana wa Sericho kwenye chemchemi za Buffalo Springs. Walikuwa mbali nazo tangu zamani. Kwa hiyo hawawezi kudai ardhi ya huko. Wanachoweza kudai ni mtiririko, na dai la mtiririko ni gumu kuliko la ardhi, kwa kuwa halina beacon wala hatimiliki. Waborana wenyewe wana utaratibu wa kale, dedha, unaowapa wazee mamlaka ya kuamua ni mifugo ipi inywe wapi na malisho yapi yafungwe hadi kiangazi. Utaratibu huo umesaidia kuepusha umwagaji wa damu mara nyingi. Lakini dedha haina sauti Nanyuki wala Maua, na mgawo wa maji unaamuliwa huko kabla ya mzee wa Sericho kuketi chini ya mti wake.

Jaribio kubwa zaidi linakuja na mpango wa mji wa kitalii wa Isiolo, ambao umo katika Ruwaza ya 2030 iliyozinduliwa mwaka 2008. Mji wa hoteli na kasino katika nchi kame unahitaji maji, na jibu lililopendekezwa lilikuwa bwawa kubwa la Crocodile Jaws katika Ewaso Nyiro, juu ya hifadhi. Waungaji mkono wanasema bwawa litazuia mafuriko na kuhifadhi maji ya kiangazi. Hoja hiyo ina uzito, hasa baada ya yale yaliyotokea 2023. Lakini mafuriko hayohayo ndiyo yanayojaza Lorian na kurutubisha malisho ya chini, na jamii za huko zimepinga mradi huo waziwazi. Tangu 2013 wamekuwa wakifanya matembezi ya ngamia kandokando ya mto, wakikutana na wakulima na wafugaji wa juu ili waonane uso kwa uso na wale wanaotumia maji kabla yao.

Bwawa likijengwa, au mashamba ya juu yakipanuka zaidi, chemchemi za Buffalo Springs na Shaba zitakuwa ndizo maji pekee ya kudumu yasiyopitia lango la bwawa. Thamani yake kwa Sericho itapanda maradufu, na thamani yake kwa wawekezaji wa hoteli vilevile. Hadi sasa ni upande mmoja tu kati ya hizo mbili unaoalikwa mezani kaunti inapopanga ada za kuingia hifadhini na kukodisha viwanja vya kambi. Wajumbe wa Bunge la Kaunti wanaotoka Isiolo Kusini wana nafasi ya kuuliza, kila makadirio ya bajeti yanapowasilishwa, ni kiasi gani cha mapato ya hifadhi kinarudi kulinda maji, ni nani anayepima yanayotoka chemchemini, na vipimo hivyo hupelekwa kwa nani.