Ngazi aliyopandia Okumu

Tangu kazi inilete Kisumu kutoka Mombasa, baada ya magharibi hukaa kibarazani hapa Milimani na vijana wa jirani, na mazungumzo hayatoki kwa Joseph Okumu. Ni wa kwao. Kazaliwa Kisumu 1997, na 2023 beki huyo wa Harambee Stars akasajiliwa na Reims ya Ufaransa.

Mmoja wao ataka wakala ampeleke Ulaya moja kwa moja. Nikamwambia, mwanangu, hebu hesabu vituo. Okumu alichezea Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, kaunti hii hii. Kisha Free State Stars, Afrika Kusini. Kisha Real Monarchs, Marekani, tena daraja la pili. Alikuwa huko alipoitwa AFCON ya 2019, tulipowafunga Tanzania 3-2 (ndugu zetu wa Tanga wanisamehe). Ndipo zikaja Elfsborg ya Sweden na Gent, alikobeba Kombe la Ubelgiji 2022.

Sasa kituo cha kwanza kiko wapi? Chemelil ilishuka daraja 2020. Sony Sugar ilitimuliwa ligini 2019 kwa kukosa mechi tatu. Kiwanda kikiyumba, timu ndiyo hukatwa mwanzo. Tumejengewa uwanja Mamboleo, ukafunguliwa Madaraka ya 2021, na ni mzuri kweli. Lakini uwanja haumlipi beki wa miaka 18 mshahara. Sisi wa Pwani tungali na Bandari, inayolishwa na Mamlaka ya Bandari.

Kijana akanyamaza, kisha akaniuliza Bandari hufanya majaribio lini.